Chumba cha Uani na Njia ya Ukumbini

Mahakama ya kadhi miye naijua kwa miguu. Ukiniuliza mlango wake ulikuwa na rangi gani sikwambii, nimesahau, lakini miguu haijasahau hata hatua moja, toka kwetu Ngamiani mpaka pale, na kurudi, tumbo mbele. Maana nilikuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Tulianza kwenda tumbo halijaonekana. Tukaja tukapata tulichotafuta, nikikaa chini siinuki mpaka nishikwe mkono.

Aliyetupeleka ni mjomba, mdogo wake mama. Bibi yangu, mama yao, alikufa, arobaini ikasomwa, na siku ya pili yake mjomba akaja akakaa ukumbini, hata kahawa hajanywa.

"Dada, nyumba naiuza. Nimepata mtu wa Usagara."

Mama alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. "Na miye?"

"Utakuja kwangu Nguvumali."

"Nikagombanie jiko na mkeo? Toka hapa! Baba alipokufa aliacha watoto wawili, miye na weye. Nina haki yangu humu."

"Haya, kalete karatasi. Kadhi alipogawa mirathi miye nilikuwa nanyonya, najua nini? Lete karatasi ina jina lako, miye nyumba siuzi."

Mama alikuwa na chumba cha uani. Alikulia mle, akaolewa akatoka, akafiwa na mume akarudi mle mle. Hakuwa na pengine. Na babu, huyo baba yao, alikufa zama za Mjarumani, mama yuko chuo cha Kurani anasoma juzuu. Alichokumbuka ni kuwa kila Ijumaa baba yake alimpakata akamkata kucha. Basi, hicho ndicho alichokuwa nacho, na kucha si karatasi.

Tukaanza kwenda. Karani wa pale alikuwa mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Tukifika, shikamoo, marahaba, tunakaa kwenye benchi. Anaingia ndani, anakohoa mavumbi, anatoka.

"Bibi, za miaka hiyo zimeingiliwa na mchwa. Njooni Jumatatu."

Jumatatu: "Ufunguo wa kabati anao mwenzangu." Alhamisi: "Kumbe marehemu wenu sikumwandika vizuri, hebu nitajie tena." Mama anamtajia, baba, babu, mpaka babu wa babu, anataja kwa raha kama mtu anayekula halua. Njiani kurudi ananiambia, "Umesikia ukoo wangu ulivyo mrefu?" Miye nasikia mgongo tu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Nikamwambia, "Mama, tuache. Twende Nguvumali." Akanitazama hata nikaona haya.

Siku karatasi ilipopatikana hatukutegemea. Karani katoka na furushi limefungwa kamba ya katani, karatasi kingo zimeliwa kama mkate ulioguguniwa na panya. Akalifungua juu ya meza. Karatasi ya juu imeandikwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Miye shule ya serikali sikuingia, lakini chuoni nilihitimu, herufi nazijua. Nikaweka kidole. Huu wasia wangu, nimeandikisha hali akili yangu timamu... Nikavuta polepole, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikafika kwenye jina la mama.

"Mama, upo! Upo kwenye wasia!"

Mama kapiga kigelegele mle mle mahakamani. Watu wenye kesi zao wakageuka, mmoja akauliza nani kaolewa. Nami nikamjibia cha pili, na tumbo langu lile.

Karani peke yake hakucheka. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Bibi," akamwambia mama, "mlikuwa mnatafuta wasia?"

"Ndiyo maalim, na tumeupata."

"Mtoto haandikiwi wasia. Mtoto anarithi, fungu lake lipo kwenye Kurani. Wasia anaandikiwa asiyerithi."

Mama bado anacheka. Miye nikarudisha kidole kwenye karatasi pale nilipoachia kwa furaha, nikasoma mbele ya jina lake. Huyu msichana, mtoto wa watu, niliyeletewa toka Bonde wakati wa njaa nikamlea, namwachia chumba cha uani, na njia ya kupita ukumbini, maisha yake yote, asitolewe.

Karani akafunua karatasi ya chini yake, ya mirathi. Warithi: mke, na mtoto mmoja wa kiume. Basi.

Mama alikaa. Hakulia. Baadaye karani akachukua kalamu atuandikie nakala, akauliza kwa sauti ndogo, "Niandike imechukuliwa na nani, binti nani?" Mama hakutaja hata jina la baba. Mwanamke aliyekuwa akitaja ukoo mpaka babu wa babu!

"Andika," akasema, "mwenye chumba cha uani."

Kurudi tulipumzika mara nne, na si kwa ajili yangu.

Mjomba alikuja Ijumaa. Akaingia ukumbini kama kawaida yake, akamkuta mama kajifunika kanga kichwa na uso, kabaki macho. Akacheka. "Dada, unajifunika kwa nani?"

Mama akamsogezea karatasi kwa kidole. Mjomba akaisoma mara moja, akaisoma tena.

"Nani kakwambia ukachimbue haya?"

"Si weye? Ulisema nilete karatasi. Nimeleta."

"Chumba chako, dada. Nyumba siuzi. Jifunue basi."

"Nijifunue kwako? Weye si maharimu wangu, kisheria ungeweza hata kunioa. Nililetwa mama hajazaa, hata ziwa hatukuchangia."

Akaondoka bila kuvaa viatu, akarudi kuvifuata.

Toka siku hiyo mjomba akija anakaa nje barazani, mama ndani, kahawa inapita dirishani. Wakigombana humo humo dirishani. "Kahawa yako maji!" "Kanywe ya mkeo!" Karibu miaka mitatu hivyo, na miye katikati nachoka kupeleka na kurudisha vikombe.

Mama alifia kwenye chumba chake. Tulipokwisha kumkosha na kumkafini, sheikh akaja mlangoni kuuliza nani maharimu wake, ashuke kaburini kumpokea. Mama hakuzaa mwanamume.

"Miye," akasema mjomba. "Miye ndugu yake."

Akanitazama. Karatasi ilikuwa chini ya godoro, na waliokuwa wanaijua pale ni sisi wawili. Nilikuwa nimechoka, wanangu, nimekesha siku tatu na mtoto mgongoni. Lakini si uchovu ulionifanya nisiitaje karatasi.

"Ndiyo," nikamwambia sheikh. "Ndugu yake ni huyu."

Wakamtoa kwa njia ya ukumbini.