Redio na Mabenchi Matupu

Nakumbuka alasiri moja ya masika, mwanangu, nilipokuwa mwalimu mgeni katika kijiji cha ujamaa karibu na Kisanga. Nilikaa peke yangu darasani, redio inasema mezani, na mtangazaji aliyeko Dar es Salaam akiwafundisha kusoma watu ambao hawakuwapo. Aliuliza swali, akanyamaza kidogo ili wajibu, kisha akawasifu. "Vizuri sana," alisema. Mabenchi yalikuwa matupu.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu. Tuliambiwa walimu ni wachache na nchi ni kubwa, kwa hiyo sauti moja nzuri inaweza kufundisha vijiji vingi kwa wakati mmoja. Na kweli inaweza. Kijiji kikapewa redio, betri na vitabu vya kisomo cha watu wazima, mimi nikapewa chumba kando ya darasa. Mwanzoni watu walijaa. Halafu wakaanza kupungua, mmoja mmoja, bila kuaga, mpaka nikabaki na mtangazaji wangu.

Sikuwa na ndugu pale. Niliwaamkia wazee njiani, wakaitikia marahaba, kila mtu akashika njia yake. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja hauna ladha hata ukiwa na mboga nzuri. Nikajiambia watu hawa hawataki elimu. Nikaamua kuomba uhamisho.

Alasiri hiyohiyo akafika Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyesimamia masomo ya watu wazima upande wetu. Alitoka Kilosa kwa lori la mbao, viatu vimejaa tope. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, akaketi benchi la nyuma kama mwanafunzi na kusikiliza kipindi hadi mwisho. Kisha akauliza watu wako wapi. Nikamjibu kwamba wamekataa kusoma.

"Wamekuambia hivyo?"

Nikasema hawajaniambia.

"Basi hujui, mwanangu. Unadhani tu. Chukua kanga ujifunike, twende tukawaulize."

Tulianza kwa Mama Zena, mjane ambaye zamani hakukosa darasa. Tulimkuta barazani akipukuchua mahindi. Alisema kazi za shamba zimemzidi. Bi Mwanahawa hakubisha. Aliketi, akavuta hindi moja, naye akaanza kupukuchua. Walizungumza habari za mvua na za panya waharibifu. Baada ya muda Mama Zena akasema taratibu, bila kunitazama:

"Ile redio haingoji mtu. Ukiachwa nyuma, yenyewe imeshafika mbali. Na hao ninaoketi nao siwajui. Tulipohamishiwa hapa, wao walitolewa kwingine, mimi nilitolewa milimani. Nikikosea, nimtazame nani?"

Siku zote hizo nilidhani mpweke kijijini ni mimi tu, kumbe zile nyumba zilizopangwa kwa mistari zilikuwa zimejaa watu wasiojuana.

Tukaendelea. Kwa wafugaji waliokuwa pembezoni tuliambiwa kipindi kinaanza wakati ng'ombe wanarudi kukamuliwa. Wengine walikuwa bado mashambani. Hakuna hata mmoja aliyesema hataki kusoma.

Kabla ya kurudi Kilosa, Bi Mwanahawa alinielekeza la kufanya. Nisikilize kipindi mwenyewe kwanza. Kisha nilipeleke somo kwa vikundi vidogo vya majirani, kwa saa watakayochagua wao. Kila mwisho wa juma nipime nini kimeingia na nini kimekwama, halafu nibadili jambo moja tu. Ukibadili yote kwa mkupuo, alisema, hutajua ni lipi lililosaidia.

Nikafanya hivyo. Kikundi cha kwanza kilikutana uani, nyuma ya chumba changu, wanawake wachache, Mama Zena miongoni mwao, walioketi kama wageni msibani. Walikuwa wakinitazama mimi tu, hawasemi. Juma lililofuata niliwaomba wageuze vigoda watazamane wao kwa wao. Mwanzoni waliona haya. Kisha mmoja akakosea, jirani yake akamsahihisha kwa upole, wakacheka wote. Ndipo kazi ilipoanza.

Siku moja homa iliniangusha. Betri nazo zilikuwa zimekwisha, barabara imekatwa na maji, na lori halikuja. Nililala nikijua kwamba siku hiyo hakuna somo. Mara nikasikia kupitia dirishani sauti ya Mama Zena:

"Mwalimu anaumwa. Haya jirani, jana ulielewa nini? Sema kwa maneno yako mwenyewe. Tutakungoja."

Nililia, mwanangu. Nililia kwa furaha, na pia kwa sababu mtu akiona kazi yake inakwenda bila yeye hubaki mpweke kwa namna nyingine, ambayo hakuna aliyemwambia habari zake. Baadaye Mama Zena aliniletea uji, akakaa kitandani kwangu mpaka nikaumaliza. Sikuomba tena uhamisho. Uliponijia wenyewe, miaka ilikuwa imepita, nami niliondoka kwa shida. Sasa wengi wao wametangulia mbele ya haki, na hapa Mikumi sina ninayeweza kumkumbusha habari hizi isipokuwa wewe.

Umeniambia kwamba shuleni unakofundisha, Msowero, mmeletewa kompyuta. Zipokeeni kwa mikono miwili. Bila redio ile nisingekuwa na somo la kupeleka popote. Lakini usihesabu kwamba mashine ikisema, mtoto amefundishwa. Mtoto akiacha kuja, mfuate kwao kabla hujamhukumu. Jaribu jambo kwa wachache, lipime, rekebisha, ndipo ulipeleke kwa wengi. Na yule anayeachwa nyuma mkalishe karibu na mwenzake, wala si karibu na chombo peke yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira ya kuwangoja wanaochelewa, na kila utakapopangiwa akujaalie majirani wema.