Jiwe la Angani Jikoni kwa Mama Mkwe

Jamani, leo mama mkwe amepikia ndizi juu ya jiwe lililotoka angani!

Ni lile jeusi lililoanguka juzi shambani kwake, hapa Bugene. Mimi na mdomo wangu wa dukani, nikamsimulia Mjerumani wa bomani. Akaja mbio. Eti limemeguka kwenye mwamba mdogo unaozunguka jua, huko ng'ambo ya Mirihi.

Kwenda kumwonyesha, halipo!

Nikaanza kuviona viboko.

"Shikamoo mama. Lile jiwe liko wapi?"

"Jikoni. Figa langu moja lilipasuka."

Sasa semeni nyie, mkwe ataingiaje jikoni kwa mama mkwe? Nikabaki uani kama kuku aliyenyeshewa.

Mjerumani akainama, akaingia mwenyewe. Mama hakumruhusu kugusa chungu mpaka ndizi ziive. Akangoja, moshi unamtoa machozi. Akala, akashiba, akalikumbatia jiwe lake lenye masizi.

Mama akaniambia kwa Kinyambo, "Mkwe wangu, muulize lingine linaanguka lini. Nitapikaje kwa mafiga mawili?"

Mjerumani ananitazama, anangoja nimtafsirie.

Nimwambieje?