Viini Saba Vilivyolala

Mashine ilikuwa na viini vinane, na saba vilikuwa vimelala fofofo mchana kweupe. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mashine yenyewe ni ruta, lile boksi linalopitisha simu na intaneti za watu kutoka mnara mmoja kwenda mwingine. Ndani yake kuna prosesa yenye viini vinane, na kila kiini ni ubongo unaojitegemea. Vyote vikichapa kazi, mji mzima unaongea bila kukatika.

Mimi ndiye mpimaji. Miaka kumi na mbili kwenye maabara ya kampuni, hakuna boksi linalotoka bila sahihi yangu.

Programu ya boksi hilo iliandikwa na binti mmoja mgeni, yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Nikampachika jina la Penseli, maana muda wote alikuwa anachorachora badala ya kuongea.

Nilimdharau tangu siku ya kwanza. Hakuwa amenikosea kitu. Basi tu, alinikera. Kasauti kadogo, sweta la kijivu, chai anaiacha mpaka ipoe.

Wote tulijua boksi likifaulu anabaki, likifeli anaondoka. Na alikuwa ameshamhamishia mama yake mjini, wamepanga vyumba viwili.

Siku ya kupima nikarusha mkondo mmoja mnene wa data, yaani kama simu moja kubwa kupita kiasi. Kiini kimoja kikahema mpaka asilimia mia. Vile saba, sifuri.

Kwenye kikao nikamshusha mbele za watu. Nikasema dada huyu kajenga ofisi ya watu wanane, kazi anafanya mmoja. Wakaangua kicheko. Bosi, mtu ambaye hata betri ya rimoti anaita fundi aje kubadilisha, akatingisha kichwa eti anaelewa.

Penseli akaniuliza kitu kimoja tu.

"Kaka, umerusha mikondo mingapi?"

"Mmoja. Unatosha kukuumbua."

"Naomba urudie na mikondo elfu. Dakika kumi tu."

Nikamwambia maabara yangu si mahali pa kubahatisha. Bosi akafunga faili. Ijumaa hiyo binti akabeba kikombe chake akaondoka, na mimi nikaenda kula kwa raha zangu.

Jumatatu nikawa nafungasha boksi lirudi stoo. Chini yake nikakuta karatasi aliyoiacha. Alikuwa amechora madirisha manane ya benki, na mteja mmoja.

Mteja mmoja, hata ukimfungulia madirisha manane, atahudumiwa dirisha moja. Simu moja nayo ni hivyohivyo. Ukiigawa kwa viini vinane, maneno yatafika yamevurugika, la mwisho kabla ya la kwanza. Ndiyo maana kila mkondo unapewa kiini kimoja. Ukitaka vyote viamke, leta wateja wengi.

Na msidhani sikujua. Nilijua, miaka yote kumi na mbili. Ila siku ile nilikuwa na haraka ya kumwona anaanguka.

Nikarusha mikondo elfu. Viini vyote vinane vikaamka, boksi likafanya kazi kama lilivyoahidiwa.

Bado nimekodoa macho, bosi huyo akaingia. Akaona kioo cha kompyuta, viini vyote viko macho.

"Umelitengeneza?"

Ningesema hapana. Neno moja tu.

"Penseli alikuwa amekosea," nikasema. "Nimerekebisha."

Akanikumbatia, mjinga yule. Mwisho wa mwezi nikapewa cheo na ofisi yangu mwenyewe.

Mnafikiri hapo ndipo nilipofika chini kabisa? Bado.

Miezi miwili baadaye Penseli akanipigia. Amepata usaili kampuni nyingine, na watanipigia kuulizia kazi yake. Hakunilaumu kwa lolote.

"Kaka, mama ameanza kuuliza tunarudi lini. Sikuombi unisifie. Waambie tu ukweli kuhusu lile boksi."

Nikamwambia ondoa shaka.

Kweli wakapiga, saa nne asubuhi. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akaniuliza kama programu ile aliiandika yule binti.

Ukweli ungenivua cheo.

"Alijaribu," nikasema. "Ila ilimshinda. Ilibidi nimalizie mimi."

Nikasikia yule mama akiandika.

"Ajabu," akasema. "Maana jina lako alitupa yeye mwenyewe. Alisema wewe ni mpimaji makini, hutatudanganya."

Nikamjibu ndivyo nilivyo. Akashukuru, akakata simu.

Kazi hakupata. Yeye na mama yake wako wapi, sijui, na sijathubutu kuuliza.

Nilichojifunza ni hiki: ukimdharau mtu bure, usitegemee kwamba siku akionekana yuko sahihi utamheshimu. Utamchukia zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayekuonyesha wewe ni nani.

Haya, nitukaneni. Mkichoka, mkumbuke ofisini kwenu mnamcheka nani.