Mkamwana Mbele ya Kitambaa cha Kijani

Atupakisye aliolewa Ikuti wakati wasichana wa rika lake walikwisha kuacha kutila, ile desturi ya Wanyakyusa ya mke kutoonana kabisa na baba wa mumewe. Wenzake walikaa na wakwe zao sebuleni, wakatazama nao televisheni na kuwaita "dingi". Yeye alikuwa amelelewa na bibi, na alichofundishwa alikishika. Akimsikia mkwewe, mzee Zebedayo, anapandisha njia ya mashamba ya chai, alijitosa migombani na kungoja humo, mvua ikimnyeshea na mtoto mgongoni. Hata akisoma Injili kwa sauti, akifika kwa Yakobo na Yohane alimruka baba yao, kwa kuwa jina lile, ambalo ni la mkwewe pia, halikuwa la kinywa chake. Mzee naye, akipita karibu na nyumba ya mwanawe, alielekeza uso mlimani.

"Huyu ndiye mtoto niliyebakiwa naye," mzee aliwaambia watu kilabuni, akimsifu mkamwana wake. "Wale wengine niliwazaa tu."

Maneno hayo yalimfikia Atupakisye, akayaweka moyoni. Hakuwa na sifa nyingine duniani, wala mumewe hakuwa mtu wa kumpa.

Mumewe, Lusungu, alikuwa fundi simu pale Ibighi. Huyu alilelewa na vibanda vya video, mbele ya filamu za Wazungu za vyombo vya anga, zile ambazo jamaa mmoja wa Dar anazipigia kelele kwa Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe. Zamani kijana wa Kinyakyusa alikesha na wenzake kwenye kijiji cha vijana wa rika lake, akajifunza kunena na kunyamaza. Lusungu alijifunza kutoka ukutani. Alipokua, yeye na mashabiki wenzake wakaanza kutengeneza filamu zao. Ndoo ya rangi ikawa kofia ya rubani, feni mbovu ikawa injini, na pale ndoo isipotosha alichora katuni kwa kompyuta. Atupakisye, aliyekuwa na cherehani, alishona mavazi. Kisha akawa nahodha wa chombo, maana hakupatikana mwanamke mwingine wa kuvaa ndoo.

Na tuseme kweli: aliipenda kazi hiyo. Ndani ya ndoo mtu anaweza kupiga kelele.

Kisha Lusungu akataka mfalme wa sayari.

"Uso wa mzee ndio uso wa mfalme," alisema. "Sisi wengine tuna nyuso za kuuza vocha."

"Taata hawezi kuwa humo. Mimi nimo," alisema Atupakisye, akimtaja mkwewe kwa neno la Kinyakyusa la "baba".

"Hamtaonana, mama. Yeye siku yake, wewe siku yako. Nyuma yenu kitambaa cha kijani, nitakifuta baadaye. Wewe utaongea na mgomba."

"Na kwenye picha?"

"Kwenye picha anawaweka kompyuta. Kompyuta hana mkwe."

Atupakisye akalipima jambo hilo mchana kutwa akishona. Desturi inakataza macho, alijiambia, na macho yangu yataona mgomba. Akakubali.

Mzee aliambiwa filamu ni ya mtu anayeiombea nchi yake. Alivaa koti la kanisani, akapiga magoti mbele ya kitambaa na kusali sala ya kweli. Siku nyingine Atupakisye akasimamishwa mbele ya mgomba na kuambiwa na Lusungu aukemee hivi:

"Piga magoti, zee bovu wewe."

"Namwambia nani?" aliuliza.

"Roboti wa mfalme. Nitamchora baadaye. Rudia, weka chuki."

Akarudia mpaka chuki ikapatikana.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi kwenye ukumbi wa kukodi, Ibighi. Mzee alikalishwa kiti cha mbele. Atupakisye alijificha nyuma kabisa, ubavuni mwa projekta, khanga imemfunika uso. Nahodha alipotokea ukutani na watu wakamshangilia, khanga iliteleza, naye akaiacha iteleze. Alikuwa anajitazama.

Hakukuwa na roboti. Alikuwapo mzee Zebedayo na koti lake la kanisani, na mbele yake mke wa mwanawe, mkubwa kama nyumba, anamkazia macho. "Piga magoti, zee bovu wewe." Mzee wa ukutani akapiga magoti na kufumba mikono.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Mzee wa kweli alifanya alichofundishwa na baba yake: mkamwana akitokea mbele yako, geuka. Akainuka na kuupa ukuta kisogo. Picha ikamwangukia kifuani, uso wa nahodha ukicheza juu ya shati lake, naye akainua macho kuitafuta taa iliyokuwa inamwunguza. Kando ya taa alikaa Atupakisye, kichwa wazi, tabasamu halijamtoka bado. Wakatazamana.

"Mzee, utakimbilia wapi, yuko pande zote!" mmoja akadakia, na simu zikainuliwa kurekodi.

Kufikia asubuhi kipande kile kilikuwa kimefika Mbeya.

"Mama, tumetoka kimaisha," Lusungu alisema, hakubandua macho kwenye simu. "Filamu yenyewe hawaitaki, wanataka mzee akigeuka."

"Ifute."

"Nifute nini? Hamkuonana. Ni kompyuta."

"Tulionana. Mle ukumbini."

"Basi yamekwisha mambo ya kulowa migombani. Nimekupunguzia kazi."

Mchana mzee Zebedayo aliingia jikoni bila hodi. Atupakisye aliruka, akajifunika na kugeukia ukuta.

"Geuka," mzee alisema.

"Taata, nakuomba."

"Geuka. Nchi nzima imeniona nimekupigia magoti. Unaficha nini?"

Akageuka. Mzee akavuta kigoda, akataka chakula. Alikula polepole huku akimtazama usoni, kama anavyotazamwa mbuzi mnadani na mtu asiyekusudia kununua.

"Chumvi imezidi," alisema alipomaliza.

Akasimama, akanyoosha mkono. Atupakisye aliutazama mkono ule, hakuelewa.

"Nipe mkono," mzee akasema, "mimi na wewe si wakwe tena, tumekuwa watu tu."

Akampa. Mzee akautikisa, akauachia, akaenda zake kwa njia ya mbele ya nyumba.