Hasara ya Bi Clothilda

Bi Clothilda Noel hakumwamini mtu. Hata Mungu, nadhani, alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni. Ukimpa noti ya dola ishirini aliigeuza, akaigeuza tena, akainusa, kisha akakuangalia wewe kana kwamba ndiwe uliyeichapa. Ukimuuliza kama mkate ni wa leo, alikujibu, "Kwani nani kakwambia ni wa jana?"

Duka lake lilikuwa pekee kijijini kwetu, upande huu wa Grenada ambako mlima unaishia baharini. Na sote tulikubaliana kwamba yule mama anazo. Hana mume, hana mtoto, gauni la kanisani ni lilelile mwaka nenda mwaka rudi. Hela zinakwenda wapi kama si chini ya godoro? Mimi nilikuwa tayari hata kula kiapo.

Sasa, ninaye mpwa wangu Avonelle, binti wa kaka yangu, ambaye nimemlea mimi kwa mshahara wa kuchambua kungumanga. Shuleni alichagua uhasibu. Wenzake wa sayansi walimcheka, eti anasomea kujumlisha hela za watu. Mtoto hakujali. Alitaka chuo cha mjini, na chuo kilitaka uhasibu.

Kidato cha tano, kila anayesoma somo hilo lazima atafute biashara ndogo ya kweli, aandae hesabu zake na kuziwasilisha. Maksi zake zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Ukikosa hizo, umekwisha. Basi Avonelle akaenda kwa Clothilda. Angekwenda wapi kwingine?

"Nani kakutuma?" Clothilda akamuuliza. "Watu wa kodi?"

"Hapana, Bi Clothilda. Mwalimu."

"Mwalimu analipwa na nani?"

"Na serikali."

"Na kodi anakula nani? Haya, toka!"

Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Alikuwa anasimama tu pale kwenye kaunta, na sare yake ya shule. Nilimwambia aachane na yule bibi, hakunisikia.

Halafu Jumamosi moja, kijiji kizima kimepanda basi kwenda mjini, mimi nimebaki na mguu umevimba, nikamwona Clothilda mlangoni anampungia mkono Avonelle. Nikashtuka. Clothilda anaita mtu? Kuna jambo! Walikaa humo ndani hadi basi liliporudi, na mtoto akaja nyumbani na makaratasi kayabana kifuani.

"Kakwambia nini?"

"Siwezi kusema, Shangazi. Nimemwahidi hata jina lake sitaliandika."

"Hee! Mimi nakulisha, halafu unanificha?"

Nilimbana mpaka akanionyesha. Nikacheka mpaka machozi. Hasara! Duka la Clothilda, hasara mwezi kwa mwezi!

"Kakuchezea shere, mwanangu. Anaogopa tutakwenda kumkopa."

"Shangazi, kila kitu nimekiandika mara mbili, kilikotoka na kilikoingia, na pande zote zimelingana. Mtu anayebuni kichwani hawezi kupatia hivyo."

"Clothilda anaweza."

Sikubadili mawazo. Mwanamke anayenusa noti hawezi kumpa mtoto wa mwenzake hesabu za kweli.

Mwalimu Budhlall naye hakuamini, ila yeye alimshuku mtoto wangu. Mwaka uliotangulia nusu ya darasa walibuni maduka yasiyokuwepo, na yeye ndiye aliyeaibika. Akaniita shuleni.

"Mama, huko kwenu duka ni moja, na mwenyewe kila mtu anajua anazo. Tena haongei na mtu. Avonelle kaandika 'duka moja kijijini', hataki kutaja jina, na hesabu ni hasara tupu. Kazitoa wapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimemuuliza. Kanyamaza. Ijumaa mwenye duka asipokuja kuthibitisha, nampa sifuri, na taarifa naipeleka kwa mkuu wa shule."

Tukirudi nyumbani, njia nzima Avonelle alilia. Nikamwambia ataje jina. Akasema ameahidi. Nikamwambia ahadi kwa Clothilda ni upuuzi. Akasema ni ahadi.

Nikaenda dukani mwenyewe, damu inanichemka. Alikuwa anakata samaki wa chumvi.

"Clothilda, umemdanganya mtoto, na sasa yeye ndiye anaitwa mwongo! Ijumaa usipokwenda shuleni kuthibitisha, wanamfutia kazi yake. Umefurahi?"

Hakuinua kichwa. "Toka dukani kwangu."

Nikamtukana matusi ambayo sitayarudia hapa.

Ijumaa nikakaa nyuma ya darasa na mguu wangu mbovu, nikijua hatakuja. Akaja. Saa za kazi, duka kalifunga, kavaa kofia ya kanisani. Akasimama mbele ya wanafunzi wote, mkoba kaukumbatia kama ataporwa.

"Hizi hesabu ni zako?" mwalimu akamuuliza.

"Ni zangu."

"Samahani, mama, lakini kila mtu anajua..."

"Kila mtu anajua nini? Jumamosi kila mtu yuko kwenye basi, anakwenda kununua mjini. Mkirudi mnapita kwangu mmeficha mifuko chini ya viti, mnadhani sioni. Kwangu mnakuja chumvi ikiisha. Nyumba aliyoniachia mama nimeiuza, na hela yake ndiyo inayolisha lile duka. Imebaki kidogo."

Nikaangalia viatu vyangu. Hata jana yake sukari nilikuwa nimeagiza mjini.

Mwalimu akashusha sauti. "Sasa kwa nini usifunge tu, mama?"

Clothilda akamkazia macho, kama anatafuta mtego ndani ya swali.

"Mtu akija dukani anaita, 'Uko ndani?' Nami naitika. Nikifunga, nani ataniita?"

Mwalimu akachukua kalamu haraka, akasaini, akaanza kukusanya makaratasi. "Yatosha, mama. Tumeridhika."

"Haijatosha. Mtoto kaitwa mwongo mbele ya wenzake." Akamgeukia Avonelle. "Simama. Soma ule mstari wa mwisho."

"Bi Clothilda, si lazima."

"Soma."

Avonelle akasimama. Akaanza kusoma hasara ya mwaka mzima, taratibu, kama anayesali.

"Sauti, mwanangu," akasema Clothilda. "Kule nyuma hawasikii."