Taa ya Njano kwenye Njia ya Usoke

Gari letu lilikuwa likilala chini ya turubai. Binti yetu alilinunua Dar es Salaam, la dizeli, limeshatumika Japani, akatuletea Tabora ili mama yake asihangaike tena na mabasi. Mimi nililipokea kama nilivyokuwa nikipokea vitu kazini. Nimetunza stoo karibu maisha yangu yote, na mtunza stoo husifiwa kwa vile ambavyo bado vipo rafuni. Kwa hiyo gari lilitoka kwenda sokoni na kanisani, taratibu kama limebeba mayai, kisha nikalipangusa vumbi na kulifunika.

Dada yake mke wangu alikuwa ameolewa Usoke. Alikuwa shemeji yangu, na kwetu Wanyamwezi shemeji ni mtani. Ukimwogopa ndipo unamkosea. Kila alipompigia mdogo wake simu, mwishoni aliomba apewe mimi.

"Shemeji, hilo gari limeota mizizi?"

"Linapumzika."

"Lipikie uji basi. Nitalingoja mpaka meno yaniishe."

"Yamebaki mangapi?"

"Ya kukung'atia wewe yapo."

Nilicheka nikaahidi kwamba tutakwenda mvua zikikatika. Mvua zilikatika. Nikasema tungoje msimu wa tumbaku upite, malori ni mengi barabarani. Ukapita. Mke wangu hakubishana. Alikuwa akinunua vitenge viwili viwili, kimoja chake na kimoja cha dada yake, na vile vya dada yake vilikaa kabatini.

Gari lenyewe lilianza kunisemesha, ila sikulielewa. Siku nyingine, nikifika nyumbani kutoka sokoni, injini ilipandisha sauti bila mimi kukanyaga mafuta, feni ikavuma, na chini kukatoka harufu ya kitu kinachoungua. Nilizima upesi. Nilidhani linachoka, na nilijiona mwangalifu.

Ndipo asubuhi moja mpwa wetu, binti wa shemeji, akapiga simu kutoka Usoke. Mama yake, ambaye moyo ulikuwa ukimsumbua kwa muda, amebadilika tangu usiku. "Anakuulizia, mama mdogo. Anaongea vizuri, lakini njooni leo."

Tuliondoka mchana. Mke wangu aliweka vitenge mapajani. Tulikuwa karibu nusu ya njia, msitu pande zote mbili, taa ya njano ilipowaka kwenye dashibodi. Sikuwa nimewahi kuiona. Ilikuwa na mchoro wa kitu kama kopo lenye vitone ndani. Nilisimama, nikafungua boneti, nikatazama maji na oili. Vyote vilikuwa sawa. Injini ilinguruma kama kawaida.

"Linatembea?" mke wangu aliuliza.

"Linatembea, lakini taa haiwaki bure. Likitufia huku?"

"Usoke ni hapo mbele. Twende nayo hiyo taa."

"Tukiua injini tutamwambia nini mtoto?"

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi nishushe. Basi la Urambo halijapita, litanifikisha Usoke."

Nikamwambia siwezi kumwacha mke wangu kando ya barabara kama mzigo. Kesho fundi atalitazama, tutakwenda wote vizuri. Niligeuza gari. Njia hiyo babu zangu waliipita kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, wakitoka Ujiji kwenda pwani. Mimi niliigeuzia mgongo kwa sababu ya taa. Nikarudi mjini polepole sana, nisiliumize.

Fundi wetu ana gereji karibu na soko, mtu wa maneno mengi, kofia yake haikosi doa la grisi. Asubuhi iliyofuata alinisikiliza huku akichomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani.

"Shikamoo mzee. Gari hili unaendesha wewe au unalisukuma?"

"Marahaba. Ninaendesha."

"Linasema limejaa masizi. Dizeli inatoa masizi, na kwenye eksozi kuna chujio la kuyanasa. Chujio hilo linajisafisha lenyewe kwa moto wake, lakini mpaka gari likimbie, lichemke barabara. Wewe unalipeleka kanisani na kulirudisha. Likianza kujichoma unalizima, siyo?"

Nikaikumbuka ile harufu ya kuungua.

"Wengine wananiambia nilikate chujio nilitupe. Lako bado, mzee. Taa iliwaka ukiwa wapi?"

Nikamwambia.

"Ukielekea Usoke?" Alichomoa waya. "Basi dawa ulikuwa nayo mguuni. Ungekanyaga tu ukaendelea, ingezimika kabla hujafika. Nenda sasa hivi. Usibembeleze, na usisimame njiani."

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, vitenge mapajani, anasikia kila neno. Alisimama akaingia ndani ya gari.

Nilikanyaga kama ambavyo sijawahi kukanyaga. Mabani ya kukaushia tumbaku yalipita, vibanda vya asali vikapita. Pale nilipogeuza jana, mke wangu aligeuza uso kutazama upande wa pili. Mbele kidogo feni ikaanza kuvuma, ile harufu ikaja, nami safari hii nikaiacha ije. Bado hatujaona nyumba za Usoke, taa ikazimika.

"Imezimika," nilisema.

"Nimeona."

Tuliiacha lami tukaingia Usoke.

Mpwa wetu alitupokea mlangoni, akapiga goti kumsalimu mama yake mdogo, kisha mimi. Alisema mama yake ameacha kuongea tangu alfajiri. Anapumua, lakini haitikii.

"Jana jioni alikuwa anaongea?" mke wangu aliuliza.

"Jana jioni alikula hata uji. Gari likapita hapo nje, nikamwambia, mama, hao wamefika. Akasikiliza, akasema, hapana, hilo linakimbia. Siyo la shemeji."

Alitaka kutabasamu alipokuwa akisimulia, maana ndivyo mama yake alivyokusudia, kisha akaniona usoni akaacha.

Mke wangu aliingia, akakaa kitandani, akamfunika dada yake kitenge kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha. Alimsemesha Kinyamwezi sikioni, maneno ya utotoni mwao ambayo mengine siyajui. Mimi nilibaki mlangoni. Mtani hana ruhusa ya kusimama kimya, kwa hiyo nilisema, "Shemeji, gari limefika, na limekimbia. Nitukane sasa." Mpwa wetu anasema vidole vilisogea. Mimi sikuona, na mke wangu, aliyekuwa ameshika mkono huo, hajawahi kusema kama vilisogea. Sijamuuliza.

Shemeji hakuamka. Alifariki siku ya pili yake.

Msiba ulijaa kuliko kivuli kilichokuwepo, na vijana wakawa wanatafuta kitu cha kufunika uwanja. Mmoja alifungua buti la gari akakuta turubai, limekunjwa vizuri kwa mkono wa mtunza stoo. Alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Walilifunga kwenye nguzo, wanawake wakakaa chini yake, mke wangu katikati yao.

Tulipoondoka baada ya matanga, lilikuwa bado limefungwa pale. Mpwa wetu alianza kulifungua kamba ili aturudishie.

"Liache," mke wangu alisema. "Hatuna kazi nalo."

Siku hizi gari linalala nje, juani na kwenye umande. Rangi yake imeanza kupauka, na mlango mmoja una mkwaruzo ambao sijaufanyia chochote. Mke wangu akisema anataka kwenda mahali, siulizi ni mbali kiasi gani. Ninachukua ufunguo.