Ya Juu au Mpaka Juu

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwake ni kwamba hakumjibu mtu mpaka ageuze kichwa. Nilikuwa nimehamia chumba cha mbele cha nyumba yake wiki hiyo, na cheti changu cha chuo na godoro moja, nikamwamkia mlangoni. Aligeuka polepole, akanielekezea sikio la kulia.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Upande ule wamefunga ofisi."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, na ngozi ya chini ya jicho ilikuwa bado nyeusi.

Majirani wanamwita Mama Pampu. Kwa miaka kumi na tisa amejaza magari mafuta katika kituo kimoja, kwenye pampu namba tatu, ile yenye mipira miwili ya kujazia: mmoja wa petroli ya kawaida, tisini na moja, na mwingine wa petroli ya juu, tisini na tano. Nilidhani namba zile ni mambo ya bei tu. Alinieleza vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote. Ndani ya injini petroli hubanwa kwanza, ndipo inawashwa. Petroli ya namba ndogo haina subira. Ikibanwa sana hujilipukia kabla ya zamu yake, pistoni ikiwa bado inapanda. Gari la kawaida halibani sana, kwa hiyo si neno. Gari la spoti hubana mafuta kama mtu anayekaba koo, na ukilitilia petroli isiyolifaa, kila mlipuko wa mapema ni nyundo juu ya pistoni, maelfu ya nyundo kwa dakika, mpaka chuma kinatoboka.

Aliyemuumiza hivi ni kijana mmoja aitwaye Rubani, kwa sababu watu wanasema haendeshi, anaruka. Siku chache kabla sijahamia, saa nane mchana, aliingia kituoni na gari lake jekundu la spoti, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, kioo kimeshushwa nusu. Kabla gari halijasimama, Mama Pampu alisikia sauti chini ya bodi, kok, kok, kok, nzito na ya ndani. Aliinama dirishani akamwambia gari linagonga. Rubani akajibu kwamba hajagonga mtu tangu azaliwe. Mama Pampu alipofafanua kwamba ni injini ndiyo inayogonga, kule chini, na kwamba ni heri apime oili kabla ya kwenda popote, kijana alicheka. Akamwambia kazi yake ni kumwaga mafuta, si ufundi.

Halafu akaagiza. Rubani anaapa kwamba alisema, "Weka ya juu." Mama Pampu anaapa kwamba alisikia, "Weka, juu," yaani ajaze mpaka juu. Ile "ya" ilimezwa na muziki, au na hasira. Siku zote yeye humuuliza mteja: ya juu, au mpaka juu? Siku hiyo hakuuliza, kwa kuwa lile neno la kumwaga mafuta lilikuwa bado linamchoma. Alishika mpira uliokuwa karibu, wa kawaida, akajaza tangi mpaka likafurika mdomoni.

Nusu saa baadaye, kwenye mlima wa kutokea mjini, injini ililia kama chuma kinachosagwa, ikapiga kishindo kimoja, ikanasa. Akingojea gari la kuvuta, Rubani alitoa risiti mfukoni. Ilikuwa imeandikwa petroli ya kawaida.

Saa kumi alirudi kituoni na gari lake likikokotwa nyuma, yeye mwenyewe ameshika spana ya magurudumu. Hakuuliza kitu. Alimpiga Mama Pampu kibao cha wazi sikioni, na wenzake wanasema mlio wake ulikuwa kama wa tairi linalopasuka. Mama Pampu alianguka ubavu kwenye pampu, mkononi bado ana mpira aliokuwa akijazia pikapu ya mtu. Akainuka akauzungusha. Kile chuma cha mbele kilimpata Rubani mdomoni, meno mawili yakatoka, na petroli ikamrukia shati zima. Rubani akainua spana. Pigo la kwanza lilivunja kioo cha pampu. La pili lilivunja mfupa wa bega la Mama Pampu, na waliokuwa kwenye foleni wanasema waliusikia ukikatika.

Petroli ilikuwa inatiririka sakafuni kuelekea gari la kuvuta, ambalo injini yake ilikuwa bado inanguruma. Mama Pampu alitambaa juu ya vioo, damu jichoni, mpaka kwenye kitufe chekundu cha kuzima pampu zote, akakibonyeza kwa kiwiko. Kufikia hapo madereva walikuwa wameshamvamia Rubani. Walimkanyaga mbavu, walimvuta masikio, mmoja alimpigia kichwa kwenye tairi la gari lake mwenyewe. Mama Pampu, ambaye sikio moja lilikuwa halisikii kitu, alikuwa akiwapigia kelele wamwache, watamuua, na cheche moja itawachoma wote. Meneja ndiye aliyemaliza ugomvi. Alikuja na mtungi wa kuzimia moto akawamwagia unga wote pamoja, mpigaji na mpigwa, wakatoka hapo wakikohoa, weupe kama waokaji wa mikate.

Hospitali walikuta ngoma ya sikio la Mama Pampu imepasuka. Rubani alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika. Kaka yake Mama Pampu, mchomelea vyuma mwenye mikono kama magogo, alikuja nyumbani na nondo, akitaka tu kuonyeshwa anakoishi huyo Rubani, amalizie mbavu zilizobaki. Nilikuwepo. Dada yake alimzuia mlangoni kwa ule mkono mmoja mzima.

"Ukimgusa, kaka, mimi ndiye nitakayeonekana mkosaji," alimwambia. "Nataka kurudi kazini. Hiyo nondo hainirudishi."

Maana suala lenyewe lilikuwa limesimama hapo. Meneja alimsimamisha kazi, kisha pande zote mbili zikakubaliana kwa maandishi kwamba injini ifunguliwe mbele yao na fundi mmoja mzee anayeitwa Daktari, ambaye hana undugu na yeyote. Pistoni zikikutwa zimeliwa juu, ni petroli ndiyo iliyoua injini; kituo kitabeba lawama na Mama Pampu atakuwa amemwaga unga, kazi imekwisha. Zikikutwa nzima, na beringi za chini zimeungua kwa kukosa oili, injini ilikuja kituoni ikiwa inakufa, na Jumatatu atarudi pampu namba tatu.

Aliniomba nimwandikie maelezo yake. Nilijitahidi. Niliandika kwamba mteja alitoa agizo lenye utata katika mazingira ya kelele. Nilipomsomea, alininyooshea kidole ninyamaze.

"Andika nilikosea kwa kutomuuliza," alisema. "Usinipambe, mimi si bibi harusi. Halafu andika na kile nilichokisikia chini."

Nikaandika upya, ukurasa mmoja na nusu badala ya kurasa nne.

Leo Jumamosi asubuhi tuko gereji. Injini ya lile gari jekundu imening'inizwa kwa minyororo, kisha ikashushwa juu ya meza ya chuma. Meneja amesimama pembeni akitazama saa yake. Kaka mtu ameruhusiwa kuja kwa sharti kwamba mikono yake ikae mifukoni. Rubani ameketi juu ya tairi kuukuu, ameshika ubavu, na akizungumza herufi s zinamtoroka penye lile pengo.

Daktari amesema ataanza juu. Ameshafungua bolti tisa za kichwa cha injini, na kila moja ililia kabla ya kukubali. Ya kumi imegoma. Ameirushia mafuta ya kulegeza kutu, ameigonga kwa nyundo mara tatu, kila pigo likimfanya Mama Pampu akunje uso na kushika bega. Sasa ametuambia tusubiri dakika kumi mafuta yapenye.

Hakuna aliyeondoka. Rubani ameinua macho.

"Mama," amesema, "siku ile ulisema linagonga wapi?"

"Chini, mwanangu."

Kijana ameitazama sehemu ya chini ya injini. Ameinuka kwenye tairi, ameikaribia meza, akasimama upande wa pili wa injini, akimtazama Daktari anayefuta mikono na kuokota tena spana.